Ulanzi Wangu na Shampeni ya Wafaransa

Shida zangu zilianza mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alikufa, baba mdogo akachukua ng'ombe, mimi nikabaki na mama, wadogo zangu na kichaka cha mianzi pale Kitandililo ambacho hakuna aliyekitaka. Darasa la tatu nikaliacha hapohapo, nikashika kisu, nikawa mgema. Masika yote, asubuhi na jioni, unakata ncha ya mwanzi mchanga na kutundika mbeta, kile kikombe cha mwanzi, maji yake yadondokee humo; yakichacha, ndiyo ulanzi. Mwanzi haukusubiri. Ukilala, kidonda kinakauka, huna kitu.

Kwa ulanzi huo nimelea watu. Ndiyo maana nina hasira.

Binti yangu anafanya kazi kwenye hoteli moja Njombe mjini. Masika haya alikuja nyumbani na chupa ya shampeni aliyopewa na mgeni. Nikaonja. Inachoma pua, utamu hakuna.

"Mama, hii imechacha," nikamwambia binti yangu.

Akacheka, akanieleza. Kumbe Champagne ni mahali huko Ufaransa, baridi kama kwetu, udongo wake chokaa nyeupe. Wafalme wao walikuwa wanatawazwa huko na kunywa mvinyo wa huko. Zamani chupa zilikuwa zinapasuka zenyewe kwenye mahandaki, kwa kuwa mvinyo ulikuwa bado unachacha ndani. Hapo nilimwelewa bila kufundishwa. Kaza kifuniko cha dumu la ulanzi uone! Wenzetu wakatafuta chupa nene, wakafunga kizibo kwa waya, povu lile likawa ndilo sifa.

"Na wakulima je?" nikauliza.

"Waliibiwa, baba. Matajiri walileta zabibu za mbali, za bei rahisi, wakasema ni za Champagne. Wakulima wakavunja maghala, wakamwaga mvinyo barabarani. Serikali ikaleta askari. Lakini baadaye sheria ikatoka: kisichotoka kule kisiitwe shampeni."

Nikaweka glasi chini. Sikuimaliza.

Maana Lyamkena kuna mchuuzi niliyemuuzia mimi mwenyewe miaka mingi. Siku hizi anachukua kwangu dumu moja, anatia maji, sukari na hamira, yanakuwa manne, halafu ubaoni anaandika: ULANZI WA KITANDILILO. Watu wanaharisha, wanatukana kijiji changu, wateja wangu wa zamani wamekata mguu. Halafu wananiimbia eti mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema! Aliyetunga maneno hayo hajawahi kushika kisu. Anayetia maji ni yule anayeuza asichokigema.

Kesho yake nikaenda. Kilabu chake kimejaa.

"Kamwene, mzee wangu! Kaa hapa, nikupe lita?"

"Nipe. Ila onja kwanza."

Kwetu ukimpa mtu ulanzi unaonja wewe mwenyewe kwanza, ajue hujamtilia sumu. Hakuna asiyejua. Yeye akashika kikombe, akakitazama.

"Leo nipo kwenye dawa, mzee. Sinywi."

"Dawa ya nini?"

"Ya... tumbo."

Mama mmoja wa Kikinga aliyekaa mlangoni akapaza sauti: "He! Kumbe hata mwenyewe limekuendesha!" Kilabu kizima kikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilishika pipa lake nikalipindua palepale.

"Mzee, umemwaga mtaji wangu!"

"Nimemwaga maji yako. Ulanzi humo haumo."

Akaitwa mtendaji wa mtaa, kijana wa kuvaa tai. Akanifokea mimi. Mzee mzima, fujo kilabuni! Nikamuuliza kama kuna sheria inayolinda jina la Kitandililo. Akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho, na nikirudia nitalala ndani. Ule ubao unaning'inia mpaka leo. Wafaransa walimwaga wakapata sheria. Mimi nimemwaga nikapata onyo.

Basi. Mchuuzi haondoki tena na dumu langu, awe nani. Anayeutaka ulanzi wangu apande mpaka kwangu, anione nikigema, nionje mbele yake. Wanaokuja ni wachache. Na waje hao hao.

Nilivyo navyo leo, vyote kwa ulanzi: ekari tatu za mianzi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati. Ng'ombe wanne. Miparachichi sitini, nusu imeanza kuzaa. Pikipiki moja. Visu viwili vya kugemea.