Kusini ya Isundwe

Wakati wa kiangazi, baada ya kukamua, mimi na Msengi tulikuwa tukipeleka ng'ombe hadi ukingoni mwa Iramba, pale ardhi inapokatika na mbuga ya Wembere inapoanza. Msengi alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada wa mama yangu, na tulikuwa karibu rika moja. Ng'ombe wakishapata majani hatukuwa na kazi nyingine. Tulikaa juu ya jiwe tukaisubiri nchi yetu ijitokeze.

Nchi yenyewe ilikuwa mazigazi. Jua likishapanda, mbuga kavu ilijaa maji ambayo hayakuwapo, na vilima vya mbali viling'oka ardhini vikaelea. Kila aliyechunga upande ule ameyaona, na wengi hawakuyajali. Sisi tuliyapa jina, Isundwe, neno alilolitunga Msengi, lisilo na maana katika Kinyiramba wala Kiswahili. Ziwa la katikati lilikuwa mpaka wetu. Kaskazini ilikuwa yake, kusini yangu.

Isundwe ilikuwa na historia ndefu kuliko tuliyofundishwa shuleni. Mfalme wa kwanza alikunywa ziwa lote mwaka wa njaa, ndiyo maana kila jioni linatoweka. Mji mkuu wa kusini, Mlimachumvi, ulikuwa juu ya kilima kinachoelea, na wafanyabiashara walisubiri jioni kishuke ndipo waingie. Samaki wao walikuwa vumbi na hakuna aliyelalamika. Raia hakuruhusiwa kuisogelea nchi, kwa kuwa ukiisogelea inarudi nyuma.

Mimi niliisogelea. Ndama wetu alipotea mbugani nikamfuata, na huko sikuona ziwa wala mji, ila udongo uliopasuka na kinyesi cha fisi. Niliporudi Msengi alikuwa amesimama juu ya jiwe, amekasirika kweli. Alisema ameniona nikitembea juu ya maji upande wa kaskazini, kichwa kimeachana na miguu, na kwamba huo ni uvamizi. Hapo vita vya Isundwe vikaanza.

Vilipiganwa kwa macho. Mchana tulitazama maji yamefunika upande gani wa mgunga mmoja mkubwa uliosimama peke yake, na aliyefunikwa alikuwa amepoteza ardhi ile. Ardhi haikutolewa zawadi wala kugawiwa, ilipiganiwa tu. Sheria hiyo aliiweka Msengi, naye alikuwa mbishi kupita kiasi. Maji yakimfunika wazi aliapa kuwa ni macho yangu yana makengeza. Tuliendelea hivyo hata tulipoota ndevu, ingawa kufikia hapo tulikuwa tunafanya utani, au tunajidai ni utani.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Nyumba zetu ziliezuliwa, tukapelekwa kijiji kipya karibu na barabara ya Kiomboi, nyumba zimepangwa mstari, na kutoka kule mbuga haionekani. Vita vya Isundwe vilisimama Mlimachumvi ukiwa umezingirwa. Msengi alidai mji ulikuwa umeshaanguka. Mimi nilikataa, na ninakataa hata sasa.

Redio ilipotangaza kwamba nchi imevamiwa upande wa Ziwa Magharibi, wanamgambo wa kijiji tuliitwa, mimi na Msengi tukiwamo. Mama mkubwa alikuja hadi kwenye lori. Hakulia. Alimwambia mwanawe avae soksi.

Kwetu mvua huombwa. Kule ilinyesha kila siku. Tulichimba mahandaki kati ya migomba, maji yakajaa, tukayakumba, yakajaa tena. Msengi alitazama pande zote akasema nchi hii haiwezi kutoa mazigazi hata ikishurutishwa. Niseme wazi kwamba niliogopa tangu siku ya kwanza, hata chakula kilinishinda. Tukianza kubishana juu ya Mlimachumvi, nilikula.

Koplo wetu, mtu wa Tanga, alitusikia.

"Nyie mnagombea kiwanja?"

"Mji, afande," alisema Msengi. "Nimeuteka, huyu hataki kuhama."

Koplo alisikiliza habari yote bila kucheka, akaondoka. Baadaye alirudi kudai bandari.

"Bandari utapata, afande," Msengi alimwambia, "ila ziwa letu linahama. Asubuhi utapakia meli, jioni utapakia punda."

Baada ya hapo karibu handaki zima lilikuwa na ardhi Isundwe. Tulikuwa na kadhi, na mchungaji wa Kilutheri, na jamaa mmoja wa Mtwara aliyepewa misitu na kuilinda vikali. Walinionea huruma kwa kuzingirwa, lakini wengi walikuwa upande wa kaskazini.

Tulivuka mto tukaingia ng'ambo. Asubuhi moja tulitembea kwa safu kwenye barabara ya udongo mwekundu. Tulikuwa tumeambiwa ni salama. Msengi alikuwa nyuma yangu, akilalamika juu ya soksi.

Kombora la kwanza lilipita juu.

La pili lilianguka barabarani.

Nilijikuta mtaroni, masikio yamejaa mlio. Nilipoinua kichwa Msengi alikuwa amekaa katikati ya barabara, amekaa tu, ameshika paja.

Nilimvuta. Nilimfunga kwa mkanda wangu. Damu haikukoma.

Mganga wa kikosi alikuja akitambaa, akakaza mkanda, akatazama. "Gari linakuja," alisema. "Msemeshe. Asilale."

Nilimuuliza mpaka unaanzia wapi. Alijibu.

Nilimuuliza jina la mfalme wa kwanza. Alijibu, polepole.

Nilimuuliza nani ana misitu. Hakujibu.

"Msengi. Chukua Mlimachumvi," nilisema. "Chukua kusini yote. Nimeshindwa."

Alifungua macho.

"Isundwe inatolewa tangu lini?"

"Tangu leo."

"Ukinipa bure hivyo, basi umeona nakufa."

Koplo, aliyekuwa amemshika mguu, aliniangalia.

"Basi sikupi," nilisema. "Inuka uje uipiganie."

"Hapo sawa," alisema Msengi. Kisha akauliza, "Maji yako wapi?"

"Yamepita mgunga. Yamekufunika wewe."

"Mwongo," alisema.

Gari lilifika. Tulimpandisha. Alikufa kabla hatujafika mtoni, na koplo ndiye aliyeutoa mkono wangu begani kwake.

Mganga aliniambia baadaye kwamba mshipa mkubwa ulikuwa umekatika, na hata ningemsemesha mpaka jioni asingepona. Alisema kwa nia njema. Sikupata nafuu yoyote.

Vita tulishinda. Nilirudi nikiwa mzima, isipokuwa sikio la kushoto ambalo halisikii vizuri. Watu walitupokea kwa ngoma, ng'ombe wakachinjwa, na hotuba zilizosemwa zilikuwa za kweli: tulivamiwa, tukaenda, tukamtoa adui. Sijawahi kujuta kwenda. Lakini nikiweka upande mmoja yote tuliyoyapata, na upande mwingine yule mtu mmoja mbishi, sioni namna ya kuyalinganisha, na wanaosema yanalingana hawakumjua.

Mama mkubwa alikuwa ameshapewa taarifa na serikali. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Aliniuliza mwanawe alisema nini mwishoni.

Nilifikiria kumtungia maneno mazuri. Nikaona huyu atajua. Nikamweleza yote kama yalivyokuwa, Mlimachumvi, kusini yote, na lile neno la mwisho. Hakuacha kupepeta.

"Sasa ile kusini ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yangu, mama."

"Na kaskazini?"

"Nayo imebaki kwangu. Hakuna mwingine wa kuidai."

Aliweka ungo chini.

"Uliipigania?"

"Hapana."

"Basi bado ni ya mwanangu," alisema.

Sikubisha.