Kikohozi cha Upande wa Pili

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kuimba, huwa nawaambia sauti ilikauka. Uongo. Sauti ninayo mpaka leo. Niliacha kwa sababu ya kikohozi, tena si changu.

Miaka ile ya soko huria nilikuwa na gita na mdomo usio na adabu, na Mwanza walinipenda hivyohivyo. Niliimba juu ya minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya huku sisi tukigombania mapanki, yale mafupa yanayobaki kiwandani. Niliimba juu ya jirani yangu wa Mkolani aliyenunua koti la mtumba, akakuta mfukoni barua ya mapenzi ya Kizungu, akazunguka mtaa mzima kutafuta mtu wa kumsaidia kuijibu. Kanda zangu zilipigwa kila duka lenye redio.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa anakaa Nansio, kule kisiwani, anauza nyavu. Kwetu mabinamu ni watani. Mmoja akifa, mwingine huvaa nguo za marehemu palepale msibani, akaigiza mwendo wake na kumwimba vituko vyake mpaka wanaolia wacheke. Mimi na yeye kila mmoja alikuwa ameshamtungia mwenzake wimbo wake wa msibani. Tulikuwa tunatishana nao tu.

"Wako mtamu," alikuwa akiniambia, "ila ndiyo hivyo, hutausikia."

Sasa siku ya kurekodi, upande wa pili wa kanda ukabaki na nafasi ya wimbo mmoja. Sikuwa na mwingine. Nikapiga ule wa binamu. Nikataja Nansio, nikataja nyavu, nikataja mguu wake wa kushoto unaochelewa. Na ili uchekeshe zaidi, nikaongeza kikohozi mwishoni: vifupi vitatu, kirefu kimoja. Binamu yangu hakuwa mtu wa kukohoa. Hicho nilikitunga mimi, mbele ya kinasa sauti.

Wimbo huo ukazishinda zote. Ukipita Ilemela unasikia watu wazima wanakohoana hivyo kwa salamu.

Miezi michache baadaye binamu akashuka melini akaja kwangu, saa sita mchana, jua linawaka, naye amevaa sweta. Akakaa. Kabla hajasema neno akakohoa. Vifupi vitatu, kirefu kimoja. Nikacheka, nikamwambia safari hii kaniweza. Yeye hakucheka.

"Sikutanii, binamu. Kimeanza chenyewe."

Akanieleza kuwa Nansio watu wanampisha njia. Wengine walimletea unga wa rambirambi, wakamkuta amekaa mlangoni, wakautua unga wakaondoka bila kumsalimia. Watoto nao wameacha kumwamkia.

"Nani anamwamkia maiti?" akasema. "Ziondoe hizo kanda sokoni. Halafu uniimbe niko hai. Ulivyoniua, ndivyo unifufue."

Mimi, mjinga mimi, nikamwambia avumilie kidogo, nina mialiko mingi, msimu ukiisha nitautunga. Niliogopa kurudi kuwa mtu asiyemchekesha yeyote. Sijivunii hata kidogo. Baada ya yeye kuondoka nilijaribu kweli, asubuhi moja. Kila nikifika mahali pa kusema binamu yangu yu hai, vidole vinahama vyenyewe na kupiga ule mdundo wa kikohozi. Nikaligeuza gita likatazama ukuta.

Msimu haujaisha, yeye akaisha.

Tangazo la msiba likasomwa redioni: jina lake, kijiji, siku ya maziko. Mwanza wakacheka. Nikiwa naelekea bandarini watu walikuwa wananipiga begani, wananiambia safari hii nimewapata mpaka wa redio. Niliwaapia. Wakazidi kucheka. Nansio nako hakuna aliyekuwa tayari kumlilia mtu waliyekwisha mlilia. Kaburini tulikuwa saba, wachimbaji wakiwemo.

Mke wake akaniletea lile sweta. Nikalivaa, maana ndiyo mila, na nilikuwa nimeamua kumwimba vizuri, kwa mapenzi yangu yote. Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Vifupi vitatu, kirefu kimoja. Nilijaribu tena, kikatoka kilekile. Sikukiigiza, naapa. Wale sita walinitazama tu, hakuna aliyecheka, mpaka nikalivua sweta nikakaa chini nikalia.

Baada ya maziko nikamuuliza shemeji kama marehemu aliwahi kumwimbia ule wimbo alionitungia mimi.

"Alinifundisha wote," akasema. "Wiki zile za mwisho, alipokuwa hatoki tena ndani."

Nikamwomba aniimbie, hata ubeti mmoja, nijue tu nilikuwaje machoni pake. Akalikunja sweta taratibu, akaliweka magotini.

"Shemeji," akasema, "mtani haimbiwi akiwa hai. Mwenzako alilijua hilo."