Kuosha Mara Tisa

Loyce alipopangiwa kufundisha kemia Busunzu, wilayani Kibondo, mwaka 2013, alihamia na masanduku mawili na chuki moja. Kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti miaka miwili katika chuo kimoja Dar es Salaam, chini ya Dokta Kipriani, mwenyeji wa Kasulu. Huko Loyce alitengeneza punje ndogo mno za silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Mia tatu zikipangwa mstari mmoja hazizidi unene wa unywele. Zikikauka polepole juu ya kioo, hujipanga zenyewe safu kwa safu, kama mayai kwenye trei, na kioo kikang'aa kijani. Kazi ilipochapishwa, ilikuwa na jina moja tu, la Kipriani.

"Wewe kazi yako ilikuwa kuosha punje tu," alimwambia Loyce alipolalamika.

Mwaka uliofuata Kipriani alishuka kwenye basi pale Busunzu, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Punje zilikuwa zimemgomea, na wafadhili walitaka kuona kwa macho yao.

"Mdogo wangu, yaliyopita si ndwele," alisema.

Loyce akamwandalia chai na mihogo, akamweleza vipimo, joto na muda wa kukausha.

"Na kuosha?"

"Mara mbili zinatosha, Dokta."

Hapo alidanganya. Ni mara tisa. Chumvi ikibaki majini, punje hushikana ovyo zikawa mabonge. Alimsindikiza mgeni wake hadi kituoni, na wiki nzima akafundisha kwa uchangamfu ambao wanafunzi hawakuuzoea.

Mbele ya wafadhili kioo kilitoka cheupe kama kimemwagiwa maziwa. Chuo kikaunda kamati ya kuchunguza kama kazi ile ilikuwa yake kweli. Loyce akaipelekea nakala ya daftari lake la utafiti, kila ukurasa na tarehe yake, na sharti moja: waje Busunzu na Kipriani, la sivyo hawaonyeshi jaribio linavyofanyika.

Walikuja Novemba 2015. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena kwa Warundi, nyumba za wageni mjini Kibondo zimejaa watu wa mashirika, ikabidi wanakamati wawili na Kipriani walale kwa walimu. Kituo cha afya kiliwaazima mashine ya kuzungushia damu ili watenganishe punje na maji. Loyce akavuta kiti, akaketi.

"Osha, Dokta."

Kipriani akaosha. Alipomaliza mara ya sita aliweka chupa mezani.

"Ulinidanganya," alinong'ona.

"Ndiyo. Bado tatu."

Siku ya tatu kioo kilikauka kijani safi. Kamati iliamua chapisho lifutwe, litolewe upya kwa jina la Loyce, na Kipriani asisimamie tena mwanafunzi yeyote. Alipokuwa akiondoka, Kipriani alimnyooshea mkono. Loyce akauangalia mpaka ukashuka wenyewe.

Careen, mwalimu mwenzake, alimwambia amezidisha.

"Pengine," Loyce akajibu. "Lakini ningeweza kumwoshesha hata mara ishirini."