Pistoni Nne kwenye Mizani ya Sambaza

Juzi, katika gereji moja hapa Rubavu, nilimwona fundi akipima pistoni za gari la mashindano, hasira yangu ya utotoni ikanipanda upya.

Papa alitengeneza injini za magari ya mbio uani kwetu Gisenyi. Alasiri moja alichukua mizani ambayo mama alipimia sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni, akaweka pistoni moja huku, nyingine kule. Ile iliyoshuka aliikwangua kidogo kwa tupa, akapima tena. Uani kulinuka petroli na samaki.

"Papa, mbona unaikwangua?"

"Zote ine lazima zilingane, mwanangu. Moja ikiwa muzito, moteri itatetemeka mpaka ivunjike."

Nilidhani sheria hiyo ilikuwa ya nyumba nzima. Basi mama alipotupakulia chakula, niliweka sahani yangu upande mmoja wa mizani na ya kaka yangu upande wa pili. Ya kaka ilishuka kwa kishindo.

"Ye iko kijana, we uko binti!" mama alifoka.

Nikamgeukia papa, aliyeshinda akihangaikia uzito wa vumbi la chuma. Aliitazama mizani.

"Hii mizani iliharibika," akasema, akaendelea kula.