Mkono wa Radi

Wiki iliyopita mwanangu alijipaka pomade ya menthol miguuni kabla ya kwenda mpirani, na harufu ile ikanitoa machozi. Msinicheke. Nyumba yetu ya Nyamianda, mjini Uvira, ilinuka hivyo utoto wangu wote, kwa sababu baba ndiye aliyetunza jezi na mipira ya timu yetu, na kwa sababu Radi, mshambuliaji wetu, alilala chumba cha mbele.

Wazazi wake walimwita Byamungu. Aliteremka kutoka Rurambo kuja kusoma sekondari, baba akampokea kama mtoto wake, na baada ya misimu miwili mtaa mzima ukawa unamwita Radi. Mguu wake wa kushoto ulichangia, lakini jina alilipata kwa hasira. Aliwahi kuvua kiatu na kumrushia refa. Tukifungwa, hakula. Mama aliweka ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mezani, naye akageukia ukuta na kulia kwa sauti, mwanaume mzima. Tulimpenda hasa kwa hilo. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini kwamba mtu asiyepiga kelele haipendi timu yake.

Kisha timu moja ya Bujumbura ikamchukua. Baba hakulalamika. Alianza tu kuwauliza wamama waliovuka mpaka wa Kavimvira na bidhaa zao: Radi anaendeleaje? Habari walizoleta zilitusumbua.

"Iko mupole sana siku hizi," mmoja alisema. "Banamupiga teke, anamuinua ule mwenye alimupiga."

"Mupole? Radi?" baba akamjibu. "Apana, mama. Kuko kitu."

Tangu hapo nyumba yetu iliishi na hicho kitu. Jirani alisema amenyweshwa dawa ng'ambo. Mwingine alisema ameokoka. Baba akauliza ni kanisa gani linaloondoa hasira za mtu na kumwachia mabao yake, maana mabao aliendelea kuyafunga. Nami nililala nikimwogopa mtu aliyewahi kunibeba mabegani.

Halafu timu yake ikaja Uvira kucheza na yetu. Kwetu, siku ya mechi, hakuna kupeana mkono hadi filimbi ya mwisho. Ilisemekana kwamba wawili wakishikana mikono, mmoja ataondoka na nguvu za mwenzake, na huwezi kujua ni nani. Hakuna aliyeliamini jambo hilo kumshinda Radi. Alipokuwa wetu, alimnyima mkono hata padri aliyekuja kuibariki timu. Aliificha mikono kwapani na kuinamisha kichwa tu.

Basi fikirieni. Basi lao linasimama, Radi anashuka wa kwanza, anakuja moja kwa moja kwa baba, mkono mbele, anatabasamu. Mkono wa baba ndio uliokuwa umeshika jezi zetu zote asubuhi ile. Nilimwona akiurudisha nyuma ya mgongo.

"Mupira kwanza," alisema. "Mikono kisha."

Radi hakufoka. Alinigeukia mimi, mkono bado uko hewani. Nami nikaificha mikono yangu nyuma, vilevile kama baba, na nilijivuna.

"Ata weye, Neema?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Siku ile alicheza vibaya. Alikosa bao ambalo hata mimi ningefunga, tukashinda. "Munaona?" baba aliwaambia watu. "Alikuja kutuibia, tukamukatalia." Lakini filimbi ilipolia niliona baba anavyokimbia kumtafuta Radi, akipangusa kiganja kwenye suruali. Mpaka ulikuwa karibu kufungwa. Baba alipofika, basi lilikuwa limeshaondoka.

Radi hakurudi tena kula kwetu. Baba alimfuatilia kwa redio miaka yote, alipobadilisha timu, alipoumia goti, alipoacha kucheza, na kila mara alisema kuko kitu, hadi tulipomzika.

Mwaka jana nilikuwa na shughuli zangu Bujumbura, nikamkuta Radi anafundisha watoto mpira, mvi kichwani. Kabla ya kuanza, aliwapanga mistari miwili na kuwaamuru wapeane mikono. Mtoto mmoja alisita. Hakumgombeza, alimsubiri. Nilimpa pole ya kifo cha baba kabla ya salamu, kisha nikamuuliza kama siku ile alikuwa ameacha kuamini.

"Nani? Minye?" Alicheka. "Nilikuwa naamini sana. Lakini nilisema, kama nguvu ya miguu yangu inaenda, iende kwa baba. Ni yeye alinilea."

Niligeuka nikatazama wale watoto, maana sikuweza kumtazama yeye. Nyumbani kwetu upendo ulikuja na kelele, hivyo ulipokuja kimya, mkono mbele, tuliudhania mwizi.