Shadia na weusi wa unyayo wa Mzee Castory

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Maji ya moto yanatoka kwenye chupa ya chai na kuingia kwenye beseni dogo la plastiki. Shadia Hatibu (28) analaza ndani yake chupa ya jeli, anaigeuza, kisha anajaribu tone moja kwenye kiganja.

"Bado," anasema, na kuirudisha majini.

Nje, ukungu haujaiachia Milima ya Uluguru. Kwenye benchi la kliniki hii ya ngozi mjini Morogoro wameshaketi wagonjwa sita. Jeli hiyo itapakwa juu ya vivimbe vyao kabla ya kupitishwa mashine ya altrasaundi, inayomwonyesha daktari kilichopo chini ya ngozi bila kisu wala sindano.

Kuipasha moto hakukuagizwa na mtu. "Watu wanakuja na hofu zao. Ukiwapaka kitu cha baridi, wanaruka," anasema, kisha anaangalia chini, kama ilivyo kawaida yake.

Kwenye karatasi, Shadia ni mfanyakazi wa usafi. Anapiga deki, anafua mashuka na kuwaosha wagonjwa sehemu inayopigwa picha. Mshahara wake ni Sh180,000 kwa mwezi, na humo humo inatoka kodi ya chumba chake Bigwa. Shule aliiachia darasa la tano, kwao Mkuyuni, mama yake alipougua na kukosa wa kumuuguza.

Lakini uliza hapa kliniki ni nani aliyeuokoa mguu wa Mzee Castory. Vidole vyote vitamwelekea yeye, naye atakuwa ameshajificha nyuma ya pazia.

Castory Mloka (63) ni mkulima wa karafuu na ndizi kwenye miteremko iliyo juu ya Mkuyuni. Mwaka jana, msimu wa kuchuma karafuu, aliteremka akichechemea. Alikuwa na uvimbe kwenye unyayo, karibu na kisigino. "Nikikanyaga tawi, naona nyota mchana," anakumbuka.

Daktari wa kliniki, Dk Joyce Ngonyani, aliuwekea kamera ya kukuzia ngozi. Kioo kikajaa mabaka meusi yenye bluu ndani yake, yametapakaa ovyo. Daktari alihofia saratani kali ya ngozi, ambayo kwa watu weusi mara nyingi huanzia nyayoni. Akamweleza mzee kwamba ikiwa ndiyo hiyo, atahitaji upasuaji mkubwa, na huenda mguu ukakatwa.

Mzee Castory akainama, akaanza kuvaa yeboyebo zake.

"Nashukuru, mama. Mguu ndiyo shamba langu. Ukiukata, nani atapanda mikarafuu? Acha nikafie kwangu."

Shadia alikuwa mlangoni na ndoo. Mguu ule alikuwa ameuosha yeye, na aliona jambo. Kifundoni palikuwa na vikovu vidogo vidogo vilivyopangwa viwili viwili.

"Nilijua nitaambiwa nirudi kwenye ndoo yangu," anasimulia.

Akasema hivyo hivyo. "Daktari, samahani. Mzee amechanjwa chale. Ule weusi nadhani ni masizi."

Mzee akaangalia ukutani.

"Mjomba, shikamoo tena," Shadia akamsogelea. "Hizi za kifundoni ni chale, au nasema uongo? Hata mimi ninazo." Akakunja mkono wa sare yake na kumwonyesha vikovu vya utotoni kwenye kiwiko.

Mzee akavitazama. "Wa wapi wewe?"

"Mkuyuni."

"Ndiyo maana. Watu wa Mkuyuni mna macho ya kuchungulia vyungu vya wenzenu!" Akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, na yeboyebo ikamdondoka mkononi.

Kisha akafunguka. Mganga alikuwa amemchanja mara tatu kwa wembe, kifundoni na juu ya uvimbe wenyewe, na kusugulia masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika. "Hospitali niliyokwenda mwanzo, mgonjwa mwenzangu alisema amechanjwa, akagombezwa mbele za watu. Mimi nikasema sisemi."

Dk Joyce akairudia kamera. Sasa aliona weusi umefuata mistari ya wembe, na katikati yake nyama nyekundu yenye mishipa myembamba. Akachukua jeli ya Shadia, ikiwa na uvuguvugu, na kupitisha altrasaundi. Uvimbe ulikuwa na upana wa milimita 12 na kina cha milimita nne. Kingo zake zilikuwa wazi, na haukuwa umefika kwenye mfupa.

Mzee akakubali kutolewa kipande kidogo kikapimwe. Baada ya wiki tatu majibu yakaja. Ulikuwa uvimbe adimu wa tezi za jasho, uitwao poroma, na si saratani. Ukatolewa kwa ganzi, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo na miguu yake miwili.

"Picha peke yake haitoi hukumu, na masizi yangeweza pia kuficha saratani ya kweli," anasema Dk Joyce. "Lakini mzee alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Angeondoka, kipande cha kupima ningekitoa wapi?"

Tangu hapo, fomu ya kliniki inaanza na swali alilolitunga Shadia: "Umechanjwa chale? Ukisema, hugombezwi." Katika miezi minane, watu 31 wamejibu ndiyo.

Shadia naye amefundishwa kuishika kamera. Siku za gulio huongozana na muuguzi hadi Mkuyuni, wakapiga picha za vivimbe na kumtumia daktari. Jioni tatu kwa wiki anasoma elimu ya watu wazima.

Mlango unafunguliwa. Mzee Castory anaingia kwa uchunguzi wake wa mwisho, mkungu wa ndizi begani, hatua zake nzito na sawasawa.

"Shikamoo mjomba. Zimeiva hizo, au ndiyo mambo yenu ya mlimani?"

"Marahaba. Ule unyamaze, mchunguliaji wee."

Anaketi, ananyoosha mguu mwenyewe. Shadia anaweka kamera juu ya kovu dogo jeupe, anapiga picha, kisha anavuta daftari na kuandika jina taratibu, herufi kwa herufi.

"Sasa hivi naandika majina tu, majibu anaandika muuguzi," anasema, na safari hii haangalii chini. "Nikimaliza masomo, nataka lile swali la chale nimuulize mtu mimi, na jibu lake niliandike mwenyewe."