Nani Ameteka Maji

Likizo ile mama alitaka nirudi nyumbani Kitui. Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari, na tayari nilikuwa nimejiandikisha kwa mpango wa hiari: wiki sita za kuzunguka vijijini upande wa Kathonzweni, bila mtihani, bila alama. Wenzangu waliochagua utafiti wa maabara walinicheka, wakasema naenda kusomea udaktari wa mbuzi. Nilipompigia mama kumwambia siji, alisema, "Enda tu. Mimi niko sawa." Nilifurahi kusikia hivyo. Nakiri nilifurahi upesi mno.

Nilipangiwa kufuatana na mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo, mwembamba, aliyetembea kwa kasi ya mtu aliyeacha nguo nje na mvua inakuja. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. Yeye aliniita daktari, na kila alipolitamka neno hilo nilisikia kicheko kimejificha ndani yake. Mimi nilibeba fomu zangu kwenye faili jipya. Yeye alibeba mwavuli tu.

Siku ya pili tulimkuta nyanya mmoja ameketi mlangoni akitoa mbaazi kwenye maganda.

"Uvoo waku?" nikamsalimu.

"Museo," akajibu, kwamba ni njema, tena kwa tabasamu. Nikamuuliza kama ana shida yoyote. Akasema hana, yuko sawa. Nikaandika: hana tatizo. Kazi ilikuwa imekwisha kwa dakika mbili, na nilijiona hodari.

Mwaitu hakuinuka. Alivuta kigoda, akatia mkono kwenye sinia, akaanza kutoa mbaazi pamoja na mwenyeji wake. Waliongea juu ya mbuzi aliyezaa mapacha, juu ya kwaya ya kanisa, juu ya mvua iliyowadanganya tena. Mimi nilikuwa natazama saa waziwazi, bila adabu. Ndipo akauliza, macho yake yakiwa bado kwenye mbaazi, "Na maji ya leo ni nani ameteka?"

"Ni jirani," nyanya akasema.

"Na ya jana?"

"Ni yeye tu. Tangu hii kifua ianze kunibana, hata hiyo mteremko ya kisima siwezi."

Aliponiruhusu nimwangalie miguu, nilibonyeza uvimbe kwa kidole na shimo likabaki pale pale. Moyo wake ulikuwa unalemewa. Alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akalazwa, na baada ya siku kadhaa akarudi kwa mbaazi zake.

Siku ile, tukiwa njiani, nililalamika. "Lakini nilimuuliza, mwaitu. Akasema yuko sawa."

"Hukumuuliza. Ulimsalimia," akasema. "Sasa wewe umezaliwa Ukambani, ulitaka akujibu nini? Mtu akisalimiwa anasema museo. Hata akiwa kwa kitanda atasema museo. Hiyo si uongo, ni heshima. Wewe uliza maji."

Iliniuma, kwa sababu nimekulia ndani ya salamu hiyo. Miaka minne ya vitabu ilikuwa imenifanya nichukue jibu la salamu na kuliandika kama matokeo ya vipimo.

Jua lilikuwa bado halijatua nilipompigia mama.

"Uvoo waku?"

"Museo, mwanangu."

Karibu nikate simu. "Mama, maji ya leo ni nani ameteka?"

Nilisikia kuku wake wakigombana uani.

"Ni mama wa hapo jirani," akasema. Halafu, polepole, akanieleza yote. Alikuwa anatokwa na damu nyingi kila mwezi, kwa muda mrefu, na sasa akisimama anaona giza. "Ningekuambiaje?" akasema. "Wewe ni mtoto wangu."

Nililia, na sioni haya kusema. Ndiyo maana alitaka nirudi, na mimi nilikuwa nimemfungia faili kwa simu moja. Nilikwenda kumwomba mwaitu ruhusa nikiwa na hotuba nzima kichwani. Nilipotaja tu ugonjwa wa mama, hakuisubiri. "Enda," akasema. "Hiyo pia ni boma yetu ya kutembelea."

Mama alipofungua mlango kesho yake, midomo yake ilikuwa imepauka kama karatasi. Aliongezewa damu, na baadaye akafanyiwa upasuaji kuondoa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Daktari aliniambia, "Angechelewa wiki chache zaidi, sijui..." Hakumaliza sentensi, na sikumwomba aimalize. Mama alipopata nafuu nilirudi Kathonzweni kukamilisha wiki zangu. Nilipewa cheti ambacho hakiongezi alama hata moja.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Nikimpigia mama, hangoji salamu. "Maji nimeteka mwenyewe," anaanza.

Jumapili iliyopita nikamchokoza. "Mtungi wa lita ngapi?"

"Wa tano," akasema kwa sauti ndogo.

"Hiyo inatosha, mama."

"Haya. Na wewe, leo umekula nini?"

Nilifungua mdomo kumwambia niko sawa. Kisha nikamwambia ukweli.